Mizigo Huachwa Hapa

Jumapili, tarehe 4 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ngazi za jengo lenu bado unazipanda bila kusimama ghorofa ya pili kuvuta pumzi. Mimi sijambo. Wiki nzima nimeshinda ndani ya shimo la lifti ya hospitali, ile iliyokorofisha tangu mvua zianze. Wagonjwa wanapandishwa kwa machela, wabebaji wananitazama kama mimi ndiye niliyewaumiza, na daktari mkuu ananiita kila nusu saa kuniuliza lini. Kazi yangu ni ya kupanda na kushuka, Mama, ila cheo kimekwama palepale.

Nakuandikia kwa jambo moja. Wikiendi ya tarehe 24 na 25 nataka kuwaleta watoto mjini kwako. Siku mbili tu, treni ya Jumamosi asubuhi kuja na ya Jumapili mchana kurudi. Kifungo ametimiza miaka minne na hujamwona isipokuwa kwenye picha. Swali ulimwona mara ya mwisho akiwa na miaka mitatu, alipokuwa akiikimbia miwani yako. Sasa ana saba, na jina tulilompa kwa utani amelistahili. Jumapili iliyopita aliniuliza kama lifti inajua iko ghorofa ya ngapi. Nikamjibu haijui. Akasema, "Sasa inajuaje pa kusimama?" Hata mkuu wangu wa kazi hajawahi kunitoa jasho namna hiyo.

Mwalimu wao amewaonyesha picha ya mifupa ya nyangumi inayoning'inia kwenye makumbusho ya huko kwenu, na tangu siku hiyo hatuna amani. Kwa hiyo tutakwenda kumwona nyangumi, tutapanda vile viboti vya kukanyaga kwa miguu kwenye bustani, na usiku tutalala kwako, chini sebuleni. Usihangaike na vitanda. Mama Swali hataweza kuja, ana zamu kazini. Anakusalimu.

Ningekupigia simu, lakini najua simu na masikio yako havielewani siku hizi, na sipendi kupiga kelele jambo ambalo kinyozi wa chini atalisikia kabla yako. Tena kuna neno nataka tulizungumze tukitazamana, wewe ukinisoma midomo.

Sitakuchosha. Najua unapumzika. Siku tuliyomzika Baba nilisema mbele ya shangazi zangu wote kwamba mama yangu hatafanya kazi tena maadamu nina mikono miwili, na kila nikichoka huku shimoni najiambia, angalau yule yuko dirishani kwake na chemsha bongo za gazeti.

Niambie tu kama siku hizo zinakufaa.

Mwanao,
Fundi


Jumapili, tarehe 11 Mei

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi. Kinyozi aliniletea mwenyewe, mkasi ukiwa bado mkononi, akasimama mlangoni akitumaini nitamsomea. Nilimshukuru nikafunga.

Baba, umenishika pabaya. Wikiendi hiyo chama chetu cha wastaafu kina safari ya kwenda chemchemi za maji moto. Jina langu limeshaandikwa, basi linaondoka Ijumaa na kurudi Jumatatu. Wenzangu wanategemea niwapikie chai njiani, kwa kuwa wengine wote mikono inatetemeka. Nikijitoa sasa nitaonekana mtu wa maneno.

Halafu nikawaza pia ngazi hizi. Kifungo ni mtoto wa miaka minne, na ukingo wa ghorofa ya tatu umeng'oka upande mmoja tangu mwaka jana. Nyumba yenyewe imekuwa ndogo, au vitu vimekuwa vingi, sijui. Makabati ya baba yako bado yapo palepale. Watoto wangekosa pa kuchezea. Mje wakati mwingine, mkinipa nafasi ya kupanga.

Hilo neno lako, kama haliwezi kungoja, liandike. Nasoma vizuri kuliko ninavyosikia.

Mimi ni mzima. Napumzika kama ulivyosema. Mwambie Mama Swali nimekosa mwandiko wake. Zamani hakukosa kuniwekea mstari mmoja chini ya barua yako.

Waambie watoto bibi yao anawapenda.

Mama yako


Jumapili, tarehe 18 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeelewa. Usivunje safari yako kwa ajili yetu, chemchemi zitakufaa magoti. Sisi tutatulia nyumbani, watoto watapata la kufanya. Nyangumi hana haraka, ameshakufa.

Neno lenyewe si kubwa. Litangoja.

Lifti imekubali juzi, ikakataa jana.

Fundi


Jumapili, tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Nimerudi salama. Safari ilikuwa njema. Maji yale yanatoka ardhini yakifuka mvuke kama birika, na wazee wenzangu waliingia wakiwa wamejishika kiuno, wakatoka wakiwa wamejishika kiuno vilevile, ila wakitabasamu. Chai niliwapikia.

Kuna jambo moja nililiona huko ambalo halijanitoka. Kulikuwa na baba mmoja, kijana bado, amekaa kwenye benchi na watoto wake wawili wamemlalia, mkubwa begani, mdogo mapajani. Watoto walikuwa wamechoka kwa kutembea. Yeye alikuwa anakula mkate waliobakisha, kipande kidogo kidogo, akitazama ukuta. Hakuwa na gazeti wala simu. Alikaa hivyo karibu saa nzima, asisogeze hata mguu, kusudi wasiamke. Nilimtazama mpaka nikasahau kwamba kutazama watu ni utovu wa adabu.

Nikawaza, huyu hakuna wa kumpokea mtoto mmoja.

Sasa niambie na ninyi. Wikiendi ile mliimalizaje? Niandikie yote, hata yale unayoona ni madogo. Mwanangu, mimi sina pa kwenda, nitasoma mpaka mwisho. Kama kuna kitu chochote kilichotokea siku zile ambacho ungependa kuniambia, niambie tu.

Mama yako


Jumapili, tarehe 8 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole kwa safari. Nafurahi kwamba maji yalikufaa.

Sisi tulishinda nyumbani kama nilivyokuambia. Mvua ilinyesha Jumamosi, kwa hiyo tulitengeneza viboti vya karatasi tukaviweka vielee kwenye beseni. Kifungo alizamisha vyote vya dada yake, na Swali akamuuliza kama kwenye viboti hivyo kulikuwa na watu. Kifungo akalia mpaka tukakubaliana kwamba wote walijua kuogelea. Mama Swali alitupikia, tukala, tukalala mapema. Jumapili nilifunga rafu iliyokuwa imelegea. Hakuna la zaidi. Wikiendi ya watu wasio na habari.

Yule baba uliyemwona huenda mkewe alikuwa amekwenda kununua maji. Usijitwishe mizigo ya watu, Mama. Wewe pumzika.

Mama Swali anakusalimu sana. Anasema atakuandikia akipata nafasi, zamu zimekuwa nyingi.

Fundi


Jumapili, tarehe 15 Juni

Fundi,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Nimefurahi kusikia kwamba mlikuwa nyumbani. Nyumbani ni pazuri.

Usijilazimishe kuniandikia kila wiki kama kazi ni nyingi. Mimi nina shughuli zangu.

Mama


Jumamosi, tarehe 21 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni Swali. Naandika mwenyewe. Baba yuko nje anaanika nguo.

Tulikuja mjini kwako lakini wewe ulikuwa umesafiri. Tulilala hoteli. Kulikuwa na sabuni ndogo ndogo na Kifungo alikula moja. Hakufa.

Tulimwona nyangumi. Ni mifupa tu. Nilimuuliza Baba nyama yake iko wapi, akasema hajui.

Pale kuna bibi anayepokea mabegi. Ana kofia ya bluu na miwani. Alimfunga Kifungo kamba za kiatu. Halafu akaniambia, "Swali, mshike mdogo wako mkono, ngazi zinateleza." Nikamuuliza umejuaje jina langu. Akanitazama mdomo. Akasema limeandikwa kwenye begi.

Bibi, begi letu halijaandikwa kitu. Nimelitazama nje na ndani. Je, mabibi wote wanajuana?

Mama hakuja kwa sababu anakaa kwa mama mkubwa. Na sisi tunakaa huko. Kwa Baba tunakuja wikiendi moja, tunaruka moja. Kitanda changu kwa Baba ni cha juu.

Kifungo anasema uje.

Swali


Jumatatu, tarehe 23 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua ya Swali niliikuta mezani jana jioni, nilipotoka kuwarudisha watoto. Alikuwa ameikunja mara nne na kuandika juu "Bibi". Niliifungua nikidhani nitamsahihishia herufi mbili tatu. Sikusahihisha kitu. Nimeiweka humu pamoja na yangu, na ukishaisoma utaelewa kwa nini nakuandikia siku ya kazi.

Nianze na langu. Ni kweli tulikuja. Nilikuwa nimeshawaahidi watoto, na wikiendi zangu na wao ni mbili tu kwa mwezi. Nikasema tutalala hoteli, hutajua, hutaumia. Uliponiuliza tuliimalizaje nikakutungia habari za viboti na beseni. Ningesema tulikuja, ungetaka kujua tulilala wapi, na Mama Swali alikuwa wapi, na uzi mmoja ukivutwa nguo yote inafumuka.

Mama Swali ameondoka tangu Oktoba. Hakuna aliyempiga mwenzake, wala hakuna mtu wa pembeni. Tulianza kunyamaza. Kwanza jikoni, halafu mezani, halafu nyumba nzima. Nilikuwa narudi nimechoka na yeye anarudi amechoka, na kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Siku moja alikuwa anakunja nguo za watoto, akasema bila hasira yoyote, "Ningekaa peke yangu ningekuwa na upweke mdogo kuliko huu." Nilisimama tu na soksi za Kifungo mkononi. Mwezi huohuo alihamia kwa dada yake.

Salamu zote nilizokuletea tangu wakati ule zilikuwa zangu.

Hilo ndilo neno nililotaka kukuambia tukitazamana. Barua yako ilipofika, na safari, na ngazi, na nyumba kuwa ndogo, nilidhani umetuchoka. Sikukulaumu. Nilijisemea hata mimi nimejichoka.

Sasa na wewe nijibu. Siku ile nilikuwa dirisha la tiketi, foleni ndefu, nikawatuma watoto wakaliache begi kaunta, hatua kumi tu, nikiwatupia jicho mara mojamoja. Nilipolipa tiketi na kugeuka niliona kwa mbali mgongo wa mama mwenye kofia ya bluu akiingia chumba cha nyuma. Nilipofika kaunta aliyekuwapo alikuwa mtu mwingine.

Mama, ulikuwa wewe? Na kama ni wewe, pale unafanya nini, na kwa nini uliniacha nipite?

Mwanao,
Fundi


Jumapili, tarehe 29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ni mimi.

Nafanya kazi pale tangu Julai ya mwaka jana, Jumatano mpaka Jumapili. Hakuna safari ya chemchemi. Chama cha wastaafu kipo, lakini hakijawahi kwenda mbali zaidi ya ukumbi wa mkutano. Wikiendi ile zamu ilikuwa yangu, na sikujua nitakuambia nini ukinikuta nyumbani sipo, au ukinikuta nimevaa kofia ya watu.

Usidhani nimepungukiwa. Kabati limejaa na paa halivuji. Ni hivi. Baada ya baba yako, nilikaa dirishani kama ulivyoagiza. Kinyozi alikuwa akinipungia mkono asubuhi na jioni. Wiki moja nilijichunguza nikaona tangu Jumatatu mpaka Ijumaa sijatoa neno mdomoni. Nikasimama mbele ya kioo nikajaribu kusema "mkate", nikaiona midomo inahangaika kama ya mgeni anayejifunza lugha ya watu. Niliogopa, baba. Niliogopa kuliko siku ya mazishi.

Kesho yake nilipita makumbusho nikaona tangazo la kazi. Kazi yenyewe haitaki masikio. Juu ya kaunta kuna bango, "Mizigo huachwa hapa." Mtu ananyoosha mkono na begi, mimi nanyoosha mkono na kibati chenye namba. Jioni ananipa kibati, nampa begi. Kutwa nzima watu wananitazama usoni na kutabasamu. Nilikuwa mpiga chapa miaka thelathini, sikuwahi kutabasamiwa hivyo.

Sikukuambia kwa sababu uliahidi mbele ya shangazi zako, na shangazi zako wana kumbukumbu ndefu. Sikutaka waseme mwanangu ameshindwa.

Siku ile nilikuwa nimeinama nikipanga miavuli. Nilipoinuka niliona vichwa viwili kwenye ukingo wa kaunta, na begi katikati. Kifungo niliyemjua kwa picha tu ana kovu dogo kidevuni, picha haikunionyesha. Kiatu chake kilikuwa kimefunguka. Nilizunguka kaunta nikapiga magoti, nikakifunga fundo mara mbili. Jina la Swali lilinitoka tu. Aliponiuliza nilimwona midomo vizuri kabisa, nikamdanganya. Huyo mtoto usimfiche kitu.

Halafu nikakuona mgongo wako. Nikamkabidhi mwenzangu kaunta nikaingia nyuma, katikati ya makoti. Hapo sitakuficha: nilikasirika. Nilijiambia, mwanangu amefika mjini kwangu, amekwenda kulala hotelini, ameona bora nyangumi kuliko mimi. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyemwambia asije. Hasira ina kumbukumbu ya upande mmoja.

Nilitaka kutoka baadaye, mkirudi. Mkarudi mkakaa kwenye benchi chini ya mifupa. Yule baba niliyekuandikia kwamba nilimwona chemchemi, ulikuwa wewe. Nilikuona kupitia mlango wa chumba cha makoti. Watoto wakalala, na uso wako, uliokuwa ukichekacheka kutwa kwa ajili yao, ukakaa jinsi unavyotaka kukaa. Nikajua. Mwandiko wa Mama Swali haukuwapo kwenye barua tangu Oktoba, na mimi nilikuwa najifanya sioni. Pale niliona.

Ningetoka wakati ule, ungeshtuka, ungesimama, ungevaa tena ule uso mwingine kwa ajili yangu. Sikutaka kukunyang'anya ile saa moja. Muda wa kufunga ulipofika nilimwendea mlinzi wetu, tunamwita Meja ingawa jeshini hakufika hata getini. Nilimwambia yule pale ni mtoto wangu, mwache. Akazima taa za upande mwingine zote akaiacha ile ya juu yenu. Alisimama mlangoni dakika ishirini akijifanya anatafuta ufunguo. Najua hukujua. Sikufanya ili ujue.

Ile barua yangu fupi ya tarehe 15, samahani. Nilikuwa nimekupa mlango ili uingie mwenyewe, wewe ukanijibu na beseni.

Kuhusu Mama Swali sina hukumu. Mimi na baba yako tulinyamaziana miaka sita kabla masikio yangu hayajaanza kufa. Watu walidhani ni masikio. Nilimpenda, na nadhani alinipenda, lakini neno la kwanza kila mmoja alimwachia mwenzake, mpaka akaondoka nalo. Sijui kama ninyi mmechelewa au bado. Mtajua wenyewe. Ila msalimie, safari hii iwe salamu ya kweli, na kutoka kwangu.

Mama yako


Jumapili, tarehe 6 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliipeleka kazini nikaisomea ndani ya lifti, nimeisimamisha katikati ya ghorofa mbili. Walionipigia kengele waliniwia radhi baadaye waliponiona macho.

Ile taa. Nilidhani wameisahau.

Sina la kusema juu ya shangazi zangu isipokuwa kwamba nitawaandikia mimi. Fanya kazi, Mama. Ahadi ile niliitoa bila kukuuliza. Nadhani niliitoa ili nijisikie kwamba kuna mtu ninamtunza.

Nimemfikishia Mama Swali salamu zako Ijumaa, pale mlangoni kwa dada yake nilipokwenda kuwachukua watoto. Akauliza kama magoti bado yanakusumbua. Tukasimama pale tukizungumzia magoti yako kwa muda mrefu kuliko tulivyozungumza mwaka mzima. Basi, ndiyo hayo tu. Sijengi ghorofa juu yake.

Sasa nataka uje. Watoto wanarudi kwangu wikiendi ya tarehe 19. Swali ameandaa maswali kumi na moja na hataki kunionyesha. Kifungo amesema utalala kitanda chake cha chini, naye atalala kwenye boksi. Tutakwenda wote bustanini, tutapika, nyumba itajaa kelele ambazo hutazisikia. Nataka uione ikiwa hivyo.

Kwa sababu sitaki kukudanganya tena, siku nyingine haiko hivyo. Jumamosi ambazo watoto hawapo naenda hospitali bila kuitwa, natia grisi mashine nilizozitia grisi jana. Nikirudi nakula nimesimama jikoni. Nikikaa mezani naona viti. Lakini hizo si siku za kumkaribishia mtu.

Niambie treni utakayopanda, tutakuja stesheni watatu.

Mwanao,
Fundi


Alhamisi, tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda kwa msimamizi wetu leo asubuhi na kuomba ruhusa. Ameniuliza ni dharura gani, nikamwambia si dharura, ni mwanangu. Amenitazama kidogo kisha akaandika "dharura" mwenyewe.

Tarehe 19 nitakuja, wala Kifungo asihamie kwenye boksi, nitalala na yeye. Mwambie Swali maswali yake ayaandike kwa herufi kubwa. Lakini wikiendi hiyo utakuwa na watoto, na watoto watakuwa na wewe.

Kwa hiyo nakuja kwanza Jumamosi hii, tarehe 12. Hawapo, najua. Nimehesabu kwenye kalenda. Nyumba naijua, nilikuja Swali alipozaliwa, na huenda nikafika kabla ya barua hii. Nikikukosa nitakuulizia hospitali, na nitapanda kwa lifti kama imepona. Usipike, usifagie, usiniandalie uso. Hutakuwa na haja ya kunisemesha, maana hata ukinisemesha sisikii. Nataka tu nikae kwenye kiti kimojawapo cha mezani kwako, nawe ule ukiwa umekaa.

Mama yako